Moyo Ukisimama Chuoni, Mwokoaji ni Aliye Karibu

Mwanafunzi anaweza kuanguka uwanjani, bwenini au akiwa kwenye foleni ya chakula, moyo wake ukiwa umesimama ghafla. Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi yake ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Ambulensi ikichelewa hata kidogo, anayeweza kumwokoa ni mtu aliye kando yake.

Mnamo Juni 2021, mchezaji Christian Eriksen wa Denmark alianguka hivyo uwanjani Copenhagen. Alikandamizwa kifua na kushtuliwa moyo papo hapo, akaishi na baadaye akarudi kucheza.

Hatua za kufuata

1. Mwite na umtikise mabega. Asipoitikia, na hapumui au anakoroma kwa kwikwi, moyo umesimama. Kukoroma huko si kupumua.

2. Piga 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mtume mwenzako alete difibrileta, yaani kifaa cha kushtua moyo kwa umeme.

3. Mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Nyoosha mikono na ukandamize kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kiinuke kila mara. Pokezaneni kila dakika 2.

4. Kifaa kikifika, kiwashe, bandika vibandiko kwenye kifua kilicho wazi na ufuate maagizo ya sauti. Hupima mapigo chenyewe, na hakishtui moyo usiohitaji umeme. Kikiagiza watu wasimguse mgonjwa, wote wajitenge.

Chuo kisicho na kifaa hicho bado kinaweza kuokoa maisha: endeleeni kukandamiza hadi wahudumu wafike.

Kifaa kikae wapi?

Kifaa kilichofungiwa ofisini hakimsaidii aliyeanguka usiku. Kikae mahali panapofikika saa zote, kama vile lango kuu, kiwe na alama, na betri na vibandiko vikaguliwe mara kwa mara.

Mafunzo nayo yasiishie kwa wanafunzi, ambao huhitimu na kuondoka. Walinzi, wapishi na matroni wafunzwe pia, na wote warudie mazoezi, kwa kuwa ujuzi huu husahaulika. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza nchini.

Wanafunzi na wazazi wanahimizwa kuuliza usimamizi wa chuo: kifaa kiko wapi, na ufunguo anao nani?