KUBUNI MASHINE YA TIBA HAKUTOSHI: MHANDISI NA MHASIBU WAKETI PAMOJA

Mtoto anapozaliwa kabla ya wakati wake, uhai wake huweza kutegemea mashine ya kumpa joto. Mashine hiyo ikiwa imeharibika na kusukumwa kwenye kona ya wodi, kwa mama wa mtoto huyo ni bati tupu, hata kama ilinunuliwa kwa fedha nyingi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011, uliohusu vifaa zaidi ya 112,000 vya hospitali katika nchi 16, ulionyesha kwamba vifaa 38 hivi katika kila 100 vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kubwa zilikuwa tatu: upungufu wa mafunzo, usimamizi dhaifu wa vifaa, na upungufu wa huduma za msingi kama umeme na maji.

Kwa hiyo semina za vyuo vikuu kuhusu uhandisi wa tiba na ujasiriamali si jambo la wasomi peke yao. Zinaigusa kila nyumba yenye mgonjwa.

Kazi iliyogawanywa

Nchi za Afrika Mashariki, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ziligawana vituo vya utaalamu. Kenya ilipewa magonjwa ya figo, Uganda saratani, Tanzania magonjwa ya moyo, na Rwanda uhandisi wa tiba. Kituo cha Rwanda kilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya umma.

Katika jiji la Kigali, chuo hicho kina pande mbili zinazohitajiana. Sayansi na teknolojia hufundishwa Nyarugenge, mahali palipokuwa na chuo cha KIST. Biashara na uchumi hufundishwa Gikondo, wilayani Kicukiro. Mwanafunzi wa Nyarugenge huuliza kama mashine inafanya kazi. Yule wa Gikondo hana budi kuuliza ni nani atakayeinunua, vipuri vitatoka wapi, na fundi atalipwa na nani fedha za utafiti zitakapokwisha. Semina yenye manufaa ni ile inayowaketisha wawili hao meza moja kabla mashine haijaundwa.

Mifano ya karibu

Huko Arusha, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la maji, na mwaka 2015 akapata tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi. Hakuishia maabara, aliwakodisha wafanyabiashara wadogo machujio yake, nao wakawauzia majirani maji safi.

Mwaka 2018 tuzo hiyo ilimwendea Brian Gitta wa Uganda, kwa kifaa cha kupima malaria kwa mwanga unaopenya kidole, bila kutoa damu. Hata hivyo tuzo si kibali cha kuingia wodini. Kifaa cha tiba sharti kipimwe tena na tena, na kazi hiyo huhitaji muda na mtaji.

Hapa Rwanda, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga mwezi Oktoba 2016. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa damu iliyokuwa ikiharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Ufundi ulikuwapo, lakini pia alikuwapo mnunuzi: Serikali ililipia huduma kwa mkataba.

Faida kwa familia za askari

Askari aliyezoea kutengeneza redio na mitambo kikosini ana msingi wa ufundi ambao hospitali zinauhitaji. Kijana anayependa fizikia na biolojia naye aelezwe kuwa kazi ya kutunza mashine za wagonjwa ipo, na ni ya heshima.

Aidha, familia isikubali kutia kiinua mgongo katika kampuni ya vifaa vya tiba kwa kuvutiwa na maneno matamu. Kwanza iulize mambo matatu: Je, kifaa kimekubaliwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoundwa mwaka 2018? Matokeo ya majaribio yako wapi? Nani atakitengeneza kikiharibika?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mhandisi peke yake huunda mashine. Akishirikiana na mhasibu na fundi, mashine hiyo hubaki hai pale mgonjwa anapoihitaji.