Ethanoli katika Petroli na Injini Inayokaa Bila Kazi

Ethanoli ni kileo kinachopatikana kwa kuchachusha molasi, miwa au mahindi, na katika nchi nyingi huchanganywa na petroli kwa kiwango kinachotambulishwa na jina la mchanganyiko wenyewe, yaani E10 ina asilimia 10 ya ethanoli na E15 ina asilimia 15. Malawi imekuwa ikichanganya tangu mwaka 1982 kwa kutumia molasi ya kiwanda cha sukari cha Dwangwa, nayo Brazili, iliyoanzisha mpango wake mwaka 1975, imefikia asilimia 30. Dai linalosikika gereji kwamba kileo ni sumu ya injini haliwezi basi kupokelewa lilivyo, ingawa mashine zinazoletwa kwa mafundi zimeharibika kweli.

Gari la kisasa lina kihisio kinachopima oksijeni iliyomo katika moshi na kuiwezesha kompyuta kurekebisha kiasi cha mafuta. Lita ya ethanoli ina takribani theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli, hivyo gari linalotumia E10 hupoteza kama asilimia 3 ya mwendo wake kwa kila lita, hasara ambayo ni nadra dereva kuitambua. Kwa upande mwingine, ethanoli huongeza okteni, yaani uwezo wa mafuta kuhimili mgandamizo bila kuwaka kabla ya wakati.

Injini ndogo yenye kabureta haina kihisio hicho. Matundu yake ya mafuta yamepimwa kwa petroli ya kawaida, na kwa kuwa ethanoli hubeba oksijeni yake yenyewe, hewa huzidi mafuta, injini hupata joto kupita kiasi, na katika msumeno wa mnyororo mzunguko wa silensa, yaani wa injini isiyobonyezwa mafuta, waweza kupanda hata mnyororo ukaanza kuzunguka kabla mtumiaji hajabonyeza mafuta. Si ajabu kwamba Marekani, ilipoidhinisha E15 kwa magari yaliyoundwa kuanzia mwaka 2001, iliikataza katika pikipiki, boti na mashine za bustani.

Hata hivyo, mharibifu mkubwa ni maji, ambayo ethanoli huyavuta kutoka hewani. E10 huweza kubeba takribani nusu ya asilimia ya maji. Yakizidi hapo, ethanoli huiacha petroli, huungana na maji, na vyote viwili hutuama chini ya tangi, palepale injini inapovutia mafuta yake. Tabaka hilo hula alumini na zinki za kabureta, na katika injini ambayo oili huchanganywa na petroli, oili hubaki juu na pistoni husuguana kavu. Gari linalojazwa mafuta kila wiki halifiki huko. Jenereta inayongoja umeme ukatike hufika.

Kujua kama petroli ina ethanoli hakuhitaji maabara. Katika chupa nyembamba yenye alama za vipimo, mbali na moto, humiminwa sehemu moja ya maji na tisa za petroli, ikafungwa, ikatikiswa na kuachwa itulie: mstari wa maji ukipanda, kilichoongezeka ni ethanoli iliyohama, na petroli ya namna hiyo yafaa imwagwe kutoka tangini na katika kabureta kabla mashine haijawekwa stoo.