Muziki Usikatike: Kuchagua Intaneti ya Geto Huku Milimani

Mwaka jana, siku mbili baada ya bumu kuingia, tulichanga watu wanne, elfu thelathini na tano kila mmoja, tukanunua ruta na kifurushi cha mwezi. Geto letu lipo bondeni, nje kidogo ya mji wa Lushoto. Tangazo lilisema megabiti 30 kwa sekunde, na sisi shida yetu kubwa ilikuwa muziki wa jioni, basi tukajua kazi imeisha. Ruta tukaiweka juu ya kabati sebuleni. Usiku wa kwanza wimbo mmoja ulikatika mara nne. Wiki ya tatu kifurushi kikaisha kabisa, na mwenzetu mmoja, ambaye mchango wake ulikuwa hela ya kula, akawa anashinda na chai kavu. Hakulalamika hata siku moja. Hapo ndipo iliponiuma.

Naandika ili wewe usirudie kosa letu. Tulinunua kasi, wakati muziki unakula kasi kidogo sana.

Tuanze na hesabu. Kwenye Spotify, sauti ya kiwango cha kawaida inatumia kilobiti 96 kwa sekunde, ya juu 160, na ya juu sana, kwa wanaolipia, 320. Hata mkisikiliza wanne kwa wakati mmoja kwa kiwango hicho cha mwisho, hamfikishi megabiti 2. Zile 30 za kwenye tangazo ni za nini sasa?

Kinachowamaliza ni ujazo. Biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo kilobiti 160 kwa sekunde ni kama MB 72 kwa saa. Mtu anayesikiliza saa 5 kwa siku anatumia karibu GB 11 kwa mwezi, na watu wanne ni GB 43. Mkishuka hadi 96 mnatumia GB 26 hivi. Mkipanda hadi 320, jiandaeni kwa GB 86. Na hiyo ni sauti peke yake. Sisi tulikuja kugundua mmoja wetu analala huku nyimbo zinacheza YouTube na picha zake, na picha inakula bando mara nyingi zaidi ya sauti. Kifurushi kilikuwa kinaisha tukiwa tumelala.

Sasa kukatika. Mawimbi ya simu yanapenda njia iliyo wazi kati ya mnara na wewe. Huku Usambara kuna vigongo na mabonde kila upande, kwa hiyo nyumba mbili zilizoachana hatua mia zinaweza kuwa na bahati tofauti kabisa. Aliyetufumbua macho ni mama mwenye nyumba. Nilimwamkia asubuhi moja, nikamweleza shida yetu, akacheka. "Mwanangu, mimi redio naiweka dirisha lile la jikoni linalotazama juu. Huko sebuleni haishiki kitu, mlima umeziba."

Nikachukua simu, nikapima. Kwenye simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi kwa namba hasi. Namba inayokaribia sifuri ndiyo nzuri: hasi 85 ni safi, hasi 115 ni mateso. Sebuleni nilipata hasi 117. Dirisha la jikoni, hasi 94. Tuliihamisha ruta siku hiyohiyo, na muziki ukaacha kukatika bila kuongeza hata shilingi.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, fanya hivi. Azima laini za mitandao tofauti kwa wana, upime kila moja ndani ya chumba chako, saa mbili usiku, maana wakati huo watu wengi wako hewani na mnara unaelemewa. Muulize jirani anatumia nini. Kama faiba imefika mtaani kwenu, hiyo haijali mlima, kwa sababu mwanga unapita ndani ya waya. Ila uliza gharama ya kuivuta hadi mlangoni, na uwaze utahama lini. Kumbuka pia umeme ukikatika ruta ya faiba inazima, wakati kile kirauta kidogo chenye betri kinaendelea.

Mwisho, pakua nyimbo unazozirudia kila siku. Wimbo uliopakuliwa unalipiwa bando mara moja tu. Na hakuna mtandao usiolala: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo hata mwenye faiba ya bei mbaya alikuwa sawa na sisi.

Geto letu sasa lina kifurushi kidogo kuliko cha mwanzo. Ruta inakaa dirishani jikoni, pembeni ya redio ya mama. Mchango umeshuka hadi elfu kumi na mbili, na yule mwenzetu wa chai kavu ndiye tuliyemkabidhi hesabu ya bando. Ukitaka kuwasha picha usiku, unamwomba ruhusa yeye.