Malaika: Tunautulizia harusini, kumbe unalilia harusi iliyokwama

Harusi iwe Manchira, Mugumu au Tarime mjini, kuna wakati MC anaomba ukumbi utulie. Maharusi wanasimama katikati, gitaa linaanza taratibu, na kabla mwimbaji hajafungua mdomo watu wameshaujua wimbo: Malaika.

Lakini hebu sikiliza maneno yake vizuri. Anayeimba hajaoa. Anampenda binti, anatamani kumuoa, ila hana pesa. Yaani wimbo tunaowapigia maharusi unamhusu mtu aliyekosa harusi!

Huku Mara jambo hilo halihitaji maelezo mengi. Kwa Wakurya na majirani zao mahari ni ng'ombe. Kijana ambaye zizi la kwao ni tupu anaujua huo wimbo hata kama hajawahi kuusikia.

Ulianzia wapi?

Aliyeufanya ujulikane ni Fadhili William, Mkenya kutoka Taita, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys. Mwanamuziki mwingine, Adam Salim, alidai aliutunga yeye miaka ya 1940, baada ya wazazi wa mpenzi wake kumkataa na binti akaolewa na mtu mwingine. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi wa nani mtunzi bado upo.

Jukwaani ukabadilika

Mikononi mwa Fadhili ulikuwa wimbo wa gitaa wa mjini. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliupeleka kwenye majukwaa ya dunia kwa njia nyingine: sauti mbele, vyombo nyuma, bila haraka. Mwaka 1965 aliurekodi na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya pamoja, ambayo mwaka uliofuata ilishinda tuzo ya Grammy.

Baada ya hapo kila mtu akauchukua. The Hep Stars wa Sweden waliutoa mwaka 1967, wakiwa na Benny Andersson ambaye baadaye alikuwa mmoja wa ABBA. Boney M waliutoa mwaka 1981, wakaupa mdundo wa pop. Angélique Kidjo wa Benin akaurudisha kwenye utulivu mwaka 1991.

Huku nyumbani, bendi za hoteli za pwani ziliufanya wimbo wa jioni kwa watalii. Mgeni asiyejua Kiswahili alisikia utamu tu, machungu yakampita.

Kwa nini unatuliza?

Kwanza, mistari ni mifupi na inajirudia, kwa hiyo ukumbi mzima unaweza kuitikia. Pili, bendi inaweza kuurefusha inavyotaka: ubeti mmoja, halafu gitaa au saksafoni, ubeti mwingine, halafu mwimbaji anawaachia watu waimbe wenyewe. Kwenye studio ni wimbo wa dakika chache, ila kwenye shughuli unamalizika pale maharusi wanapochoka kucheza.

Tatu, haulazimiki kuchemka. Nyimbo nyingi za dansi huanza polepole, kisha kinafika kipande cha kuchemsha na kila mtu anainuka. Malaika unaweza kubaki palepale ulipoanzia, na hakuna atakayelalamika.

Basi ni kosa kuupiga harusini?

Hapana. Bwana harusi aliyehangaika miaka kutafuta ng'ombe anaelewa kabisa huyo anayeimba alikwama wapi. Kwake ni kama kukumbuka safari akiwa ameshafika.

Ila ukumbini humo humo wapo vijana ambao bado wanahesabu, na wengine ambao mpenzi wao ameshaolewa kwa mwenye mifugo zaidi. Ukiona mmoja ametoka nje wimbo ukiwa katikati, usimuulize kwa nini hachezi. Huo wimbo ulitungwa kwa ajili yake.