Tangi la matumbawe likichosha, usikimbilie samaki wapya

KUFUGA matumbawe na samaki wa mapambo ndani ya tangi la kioo huanza kwa shauku, lakini baada ya miaka michache aghalabu husalia kazi ya kusugua mwani tu.

Mfugaji aliyechoka hukimbilia samaki mpya. Samaki huyo, ambaye huenda alivuliwa na wapiga mbizi wa Pwani ya Kenya, anaweza kuleta vimelea vya madoa meupe na kuwaangamiza wenzake. Sharti atengwe kwanza kwa wiki kadhaa.

Kupangua mawe yote kwa siku moja ni hatari vilevile. Humo huishi bakteria wanaopunguza sumu ya amonia itokayo kwenye kinyesi cha samaki, na uchafu uliotulia chini yake ukitibuka huharibu maji ghafla. Heri kuhamisha jiwe mojamoja.

Mkasi hufaa kuliko pesa. Matumbawe laini yaliyotanda hukatwa vipande, vikapandikizwa kwenye vijiwe, na wafugaji wakabadilishana. Hata hivyo, baadhi ya zoanthidi, jamaa za matumbawe, zina palitoksini, sumu kali mno. Glavu na miwani ni lazima, na jiwe lenye viumbe hao kamwe lisichemshwe: mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini.