Kipandikizi cha titi kitashikiliwa na nini? Uliza kabla ya kupasuliwa

IWAPO unafikiria kufanyiwa upasuaji wa kuongeza ukubwa wa matiti, yamkini jambo ambalo limekushughulisha zaidi ni ukubwa utakaopata. Wanawake wengi humwendea daktari wakiwa na picha ya mtu wanayemtamani na kusema wanataka yawe vivyo hivyo. Ni wachache wanaouliza swali lililo muhimu zaidi: je, vitu hivi vitakavyotiwa kifuani mwangu vitashikiliwa na nini visiteremke?

Usimwachie daktari peke yake swali hilo. Jibu lake litaamua utakuwa na maumivu kiasi gani, utalipa pesa ngapi, matiti yako yatakuwa na umbo gani miaka kumi ijayo, na iwapo utalazimika kurudi katika chumba cha upasuaji.

Anza na uzito

Kipandikizi ni mfuko wa silikoni uliojazwa jeli ya silikoni au maji ya chumvi. Mwanamke wa kwanza kutiwa vile vya jeli alipasuliwa mwaka wa 1962 katika jimbo la Texas, Marekani. Ukubwa wake hupimwa kwa mililita, na kila mililita 100 zina uzito wa karibu gramu 100. Kwa hivyo, ukichagua kipandikizi cha mililita 500, utakuwa ukibeba kila upande uzito unaokaribia ule wa pakiti ya maziwa ya nusu lita unayonunua dukani. Mzigo huo utakuwa nao ukitembea, ukikimbilia matatu na ukipanda ngazi.

Ngozi na nyama za titi huvutika. Mzigo ukizidi, hulegea na kuwa nyembamba upesi, hasa kwa mwanamke aliyenyonyesha watoto kadhaa au aliyepungua uzito sana. Kipandikizi huweza kuteremka kikapita ule mkunjo ulio chini ya titi, na chuchu ikabaki ikitazama juu. Kurekebisha hali hiyo ni upasuaji mwingine, na mara nyingi huwa mgumu kuliko ule wa kwanza.

Mkunjo huo ndio tegemeo la kwanza ulilopewa na maumbile. Muulize daktari kama ataulinda jinsi ulivyo, au kama atalazimika kuuteremsha ili kipandikizi kikubwa kipate nafasi. Akiuteremsha, auimarishe kwa nyuzi.

Juu au chini ya msuli?

Uamuzi wa pili ni mahali pa kukiweka. Daktari anaweza kukiweka nyuma ya nyama za titi lakini juu ya msuli wa kifua. Upasuaji huu ni mwepesi zaidi, maumivu yake ni machache na mgonjwa hupata nafuu mapema. Kasoro yake ni kwamba uzito wote hutegemea ngozi na nyama za titi. Kwa mwanamke mwembamba, kingo za kipandikizi huweza kuonekana au kuhisika. Aidha, kovu linalokizunguka hukaza na kuwa gumu mara nyingi zaidi likiwa mahali hapo.

Njia nyingine ni kukiweka chini ya msuli. Msuli hufunika sehemu ya juu, titi likawa na mteremko unaofanana na wa kawaida, na picha ya eksirei ya kuchunguza saratani ya matiti huwa rahisi kupigwa. Hata hivyo, maumivu ya siku za kwanza ni makali zaidi, na titi huweza kuchezacheza unapokaza kifua. Mwanamke anayeinua vyuma katika jimu, au ambaye kazi yake ni ya kutumia mikono kwa nguvu, afikirie jambo hili kwa makini.

Usidanganyike kwamba msuli hubeba kipandikizi chote. Kwa kawaida daktari huukata msuli upande wa chini, kipandikizi kikawa chini ya msuli sehemu ya juu na chini ya nyama za titi sehemu ya chini. Basi hapo chini, mahali ambapo uzito huangukia, wategemeaji ni wale wale: ngozi, nyama na mkunjo.

Daktari ataamuaje? Mojawapo ya vipimo ni kufinya kwa vidole viwili sehemu ya juu ya titi na kupima unene wake. Ukiwa chini ya sentimita 2, madaktari wengi hupendelea kukiweka chini ya msuli. Kama hujapimwa hivyo, wala upana wa kifua chako haujapimwa, na tayari umetajiwa ukubwa na bei, una haki ya kutia shaka.

Na kama titi limelala, chuchu ikiwa chini ya mkunjo, kipandikizi peke yake hakitaliinua. Kitaongeza uzito kwenye ngozi iliyokwisha kulegea. Hapo huhitajika upasuaji wa kuinua titi, ambao huacha makovu zaidi. Ni afadhali uambiwe hayo mapema.

'Sidiria ya ndani'

Siku hizi utasikia pia habari za sidiria ya ndani. Wakati mwingine maana yake ni nyuzi tu zinazoimarisha mkunjo. Wakati mwingine ni wavu unaoshonewa ndani ya titi, au kipande cha ngozi ya mtu aliyefariki au ya mnyama, iliyoondolewa chembe hai zote.

Vifaa hivi vina faida yake, hasa kwa wanawake walioondolewa titi kwa sababu ya saratani na ambao wanaundiwa jingine, au kwa wale ambao vipandikizi vyao vimeteremka na vinarekebishwa. Kwa upasuaji wa kwanza wa kuongeza ukubwa, mwanamke mwenye ngozi imara anayechagua kipandikizi cha wastani mara nyingi havihitaji.

Jua pia kwamba baadhi ya nyavu huyeyuka mwilini baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili hivi. Baada ya hapo, kazi huachiwa kovu lililoota mahali pake. Kila kitu kigeni kinachoongezwa mwilini huongeza gharama, na huweza kuleta maambukizi au maji kujikusanya.

Mnamo Machi 2021, FDA, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, iliwaonya wagonjwa na madaktari kuhusu ngozi hizo zinapotumiwa pamoja na vipandikizi kuunda titi upya. Ilisema baadhi ya aina zilielekea kuleta matatizo zaidi kuliko nyingine, na kwamba wakati huo ilikuwa haijaidhinisha hata moja kwa kazi hiyo.

Kuna na suala la imani. Baadhi ya ngozi hizo hutokana na nguruwe, nyingine na ng'ombe. Ikiwa jambo hilo lina uzito kwako, uliza kabla ya kutia sahihi, kwa maana baada ya kushonwa umechelewa.

Funzo la vipandikizi vyenye mikwaruzo

Usikubali kifaa kwa sababu tu ni kipya. Kwa miaka mingi palikuwa na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza, vilivyosifiwa kwamba hushikamana na mwili na havihami. Mwaka wa 2011 FDA ilitangaza kwamba huenda vipandikizi vya matiti vina uhusiano na aina ya saratani ya limfu ambayo huota katika kovu linalovizunguka. Baadaye ilibainika kwamba wengi wa waathiriwa walikuwa wametiwa vile vya kukwaruza. Mnamo Aprili 2019 Ufaransa ilipiga marufuku baadhi ya aina hizo, na Julai mwaka huo kampuni ya Allergan iliondoa zake katika masoko ya dunia nzima.

Saratani hiyo ni nadra. Lakini titi likivimba ghafla miaka kadhaa baada ya upasuaji, nenda ukapimwe bila kukawia. Funzo ni kwamba kilichosifiwa kwa kushikilia vizuri kilichukua miaka mingi kuonyesha madhara yake.

Maswali ya kuuliza

Tangu Oktoba 2021, FDA iliagiza vipandikizi viuzwe kwa madaktari wanaopitia na mgonjwa orodha ya hatari zake, moja baada ya nyingine, kabla ya mgonjwa kuamua. Hata wewe ulioko Nairobi, Mombasa au Kisumu unaweza kudai ufanyiwe vivyo hivyo. Andika maswali haya kwenye karatasi:

Kwa ngozi na kifua changu, uzito wa juu kabisa ninaoweza kubeba ni upi?

Utakiweka wapi, na kwa nini hapo?

Mkunjo wangu utaulinda vipi?

Ukitia wavu au ngozi, imetokana na nini, itakaa mwilini muda gani, na ni nini kitatokea tusipoitumia?

Kipandikizi kikiteremka au kovu likikaza, nani atalipia upasuaji wa pili?

Hakikisha kwamba daktari na hospitali wana leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Uliza kama daktari mwenyewe amefuzu katika upasuaji wa kurekebisha maumbile. Ukitoka, omba kadi yenye nambari ya kipandikizi chako na uihifadhi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Panga pia maisha ya nyumbani. Kwa muda wa wiki sita hivi hutaruhusiwa kuinua mtungi wa maji wa lita 20 wala kubeba mtoto mgongoni. Tena vipandikizi si vya kudumu maishani. Vile vya jeli huhitaji kuchunguzwa kwa ultrasaundi au MRI miaka mitano au sita baada ya kutiwa, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, ili ijulikane kama vimepasuka. Ikiwa pesa ulizo nazo zinatosha upasuaji wa kwanza tu, hujawa tayari.

Kwa hivyo, msomaji, chagua kwanza uzito ambao mwili wako unaweza kuubeba wenyewe. Mambo ya nyuzi, msuli na wavu yafuate baadaye. Daktari anayejua kazi yake hatakasirika ukimwuliza maswali haya. Akikasirika, chukua mkoba wako utafute mwingine.