Je, Wajua? Dawa Ndogo ya Nywele Inataka Maji Mengi

Pamba ikishauzwa na pesa ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikishaingia mkononi, saluni za Dutwa, kando ya barabara ya Bariadi kwenda Lamadi, hupata wateja wenye ombi moja: "Dada, niwekee dawa ndogo. Sitaki zinyooke, nataka zilegee tu zichanike." Ombi ni zuri. Nywele nzito za kipilipili zikilegezwa vizuri hubaki na mawimbi, hubaki zimejaa, na kitana hupita bila mtu kutoa machozi. Kinachoniudhi ni imani kwamba upole wote wa dawa umo ndani ya kopo. Mteja anasoma kopo, msusi anasoma kopo, na hakuna anayeitazama ndoo ya maji iliyowekwa pembeni, wakati hiyo ndiyo itakayoamua.

Kopo la dawa ndogo na kopo la dawa kali hayatofautiani sana. Dawa nyingi zina kostiki soda, ileile ambayo vikundi vya akina mama hutengenezea sabuni, kwa kiasi cha kama asilimia 2. Nyingine huiacha kostiki soda na kutumia chokaa iliyochanganywa na guanidini. Kwa kipimo cha pH, sabuni ya kufulia iko kwenye 10 hivi. Dawa ya nywele inapita 12 na kuikaribia 14. Kila namba moja ya kipimo hicho ni mara kumi, maana yake pH 13 ina nguvu ya alkali mara 1,000 kuliko pH 10. Dawa ndogo nayo iko hukohuko juu. Inachopunguza ni kasi tu.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, nyuzi ndefu zilizolala ubavu kwa ubavu na kushikana kwa vifungo vya salfa: salfa ya uzi huu imeikamata salfa ya uzi ule. Unywele wa kipilipili huota kwenye tundu lililopinda ndani ya ngozi, hutoka ukiwa bapa kidogo, na vifungo hivyo huushikilia mkunjo usifunguke. Vipo vifungo vingine dhaifu, vya hidrojeni, ambavyo maji au moto huvilegeza. Hivyo ndivyo bibi zetu walivyovifungua kwa kitana cha chuma kilichopashwa kwenye jiko la mkaa. Nywele zilizochomwa zilinyooka mpaka mvua ya kwanza, kisha zikajikunja tena. Dawa haiishii hapo. Inaifuata salfa yenyewe: alkali hunyofoa atomu moja ya salfa kutoka kwenye kifungo chenye atomu mbili, na nyuzi zikashikana upya kwa ile moja iliyobaki. Wanakemia hukiita kifungo hiki lanthionini, nacho hakirudi kuwa kile cha zamani. Ndiyo maana nywele zikishanyooka kupita kiasi hakuna yai, parachichi wala mafuta ya nazi ya kuzirudisha kipilipili. Utangoja mpya ziote, kama sentimeta 1 kwa mwezi.

Kulegeza basi ni kuikatisha kazi hiyo njiani, na hapo ndipo msusi mzuri anapojulikana. Amepaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, juu ya masikio na shingoni. Amevaa glovu. Ameanza na sehemu yenye nywele ngumu zaidi. Kila baada ya dakika chache anafuta dawa kwenye kishungi kimoja kwa mgongo wa kitana na kukitazama. Kipilipili kikifunguka kuwa wimbi, mteja anainuliwa saa hiyohiyo, hata kama simu inaita na mwingine yuko mlangoni. Alkali haina habari kwamba msusi ameridhika. Inaendelea kula mpaka iondolewe.

Kinachoiondoa ni maji ya kutiririka, mengi, kabla ya shampuu yoyote. Nywele nzito huificha dawa kwenye mashina, na makopo mawili matatu ya maji huishia juujuu. Baada ya maji ndipo ije shampuu ya kuua dawa, ambayo ina asidi kidogo. Baadhi ya shampuu hizo zimetiwa rangi ya kupimia: povu likikutana na alkali iliyobaki linageuka la waridi, na kichwa kikisafika linakuwa jeupe. Ni kifaa cha maabara ndani ya chupa ya saluni, na kwangu hakuna kitu kizuri kuliko hicho katika biashara hii yote. Lakini nimeona povu likiwa bado la waridi, likasuuzwa mara moja na taulo likafungwa, kwa kuwa dumu lilibaki robo na bomba lilikuwa halitoki. Jioni mteja anawashwa, baada ya siku chache nywele zinakatika kwenye kitana, na lawama inaliangukia kopo.

Kwa hiyo mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya tano za mkoa wa Simiyu, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, unazihusu saluni pia. Maji ya kisima yakiwa na chumvichumvi huacha utando kwenye nywele, hasa kwa dawa za chokaa, na nywele zinakuwa kavu bila mng'ao. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati yanasuuza vizuri zaidi, na inasikitisha kuona yakitiririka barabarani mbele ya saluni yenye ndoo mbili. Wanaotoa leseni wangemuuliza kila mwenye saluni maji anayapata wapi na ya dawa anayamwaga wapi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini shirika hilo haliwezi kusimama kwenye kila beseni.

Watu wa pamba wana sababu ya kuijua alkali hii kuliko wengine. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba uzi wa pamba ukitiwa kostiki soda kali huvimba na kuwa imara. Baadaye ikajulikana kwamba ukivutwa wakati huo hung'aa pia. Pamba ni selulosi, inaistahimili kostiki. Unywele ni protini, na kwa nguvu hiyohiyo ungeyeyuka.

Mengine kwa ufupi. Usioshe wala kukuna kichwa siku ya dawa, wala usifumue misuko asubuhi na kuweka dawa mchana. Mafuta ya ngozi ndiyo ngao yako. Aliyewahi kuweka kalikiti, dawa ya kutia nywele mawimbi, asipakwe dawa ya kostiki juu yake, kwani hizo ni kemia mbili zisizoelewana, nywele zitakatika. Wakati wa kurudia, dawa iguse mashina mapya tu. Wasichana wanaomaliza kidato cha nne, ambao shule nyingi ziliwanyoa miaka yote, wasikimbizwe saluni Desemba nywele zikiwa fupi na ngozi iko wazi. Kwa watoto mimi nasema hapana kabisa. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2022, uliofuatilia wanawake 33,497, ulikadiria kuwa wanaotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka wana uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia miaka 70, na wasiozitumia kabisa asilimia 1.64. Utafiti huo haujathibitisha kuwa dawa ndiyo chanzo, ila unatosha kumfanya mtu aongeze muda kati ya dawa na dawa.

Nywele zilizolegezwa hufaa kwa rola, kwa kubana, kwa mabutu, kwa kusukia rasta bila kuvutana, kwa kuachia tu na mafuta kidogo. Dawa iliyochanganywa ikabaki haiwekwi kwa mteja wa kesho, na kopo lililokwisha lisiwekewe chumvi ya jikoni.